Wimbo Uliogoma Kwisha

Shangazi yangu anashona sare za shule, na mtu akimkuta kwenye cherehani yake, miwani puani na pini tatu mdomoni, hawezi kudhani kwamba mtaa mzima unamwita Mama Do. Jina hilo alipewa na kwaya. Amefundisha kwaya ya mtaa wetu kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi saa nane mchana, na mazoezi huanza vilevile siku zote: anagonga gotini kile chuma chake cha kupimia sauti, chenye meno mawili, anakisogeza sikioni, kisha anaimba "do" na kumkazia macho mmoja mmoja mpaka kila mtu aishike. Asiyeishika haimbi. Kuna fundi bomba mmoja wa sauti ya tatu aliyewahi kukaa Jumamosi nne mfululizo bila kufungua mdomo, akiitafuta.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nashona naye, yaani nakata vitambaa, natia vifungo na kusemwa. Tukifunga kazi naingia chumba cha nyuma tunakoweka majora ya vitambaa, nafungua kompyuta yangu na kutengeneza muziki wa kudansi. Majora yale yanameza mwangwi vizuri kuliko studio nyingi nilizowahi kuziona. Muziki wangu ni ule wa mashine: ngoma nzito inayopiga nne nne bila kupumzika, besi ya kutikisa vioo, na juu yake sauti za kinanda ambazo hakuna kinanda kilichozitoa. Shangazi aliuita kelele za jokofu, nasi tulikuwa tumekubaliana kwamba mlango wa chumba kile ubaki umefungwa.

Siku moja ikaja barua kutoka kamati ya kwaya. Ilikuwa na sifa nyingi, na Shangazi alipoona sifa zimefika aya ya tatu akajua kuna jambo. Kamati ilimwarifu kwamba siku ya kwaya, wiki nane kutoka pale, angetunukiwa cheo cha mlezi. Angeandaliwa kiti chenye mikono, kilichotandikwa kitambaa cheupe, pale mbele upande wa dirisha. Wimbo wa mwisho ukiisha, Mwenyekiti angesoma hotuba, Shangazi angekaa, na kazi ya kufundisha angepewa mtu "anayekwenda na wakati".

Mwenyekiti huyo Shangazi alimfundisha mwenyewe. Alikuja kwenye kwaya akiwa kijana mwembamba asiyejua tofauti ya fa na so, akaja kuwa besi bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Kisha akapata uenyekiti, na tangu hapo mazoezini hufika dakika kumi za mwisho, kusoma matangazo. Ningependa sana kusema ni mtu mbaya, lakini si mbaya. Ni mtu aliyependa kikao kuliko wimbo, na hilo huwapata wengi.

"Mlezi ni mtu anayepewa kiti ili asisimame," Shangazi alisema, akaikunja barua. Hakulia. Alishona sketi kumi na mbili siku ile, na kesho yake tukalazimika kuzifumua kumi.

Siku ya tatu akafungua mlango wa chumba cha nyuma bila kubisha, akakalia jora la kitambaa cha kaki, akanyoosha mkono kudai hedifoni. Akaniambia nimwonyeshe huo wakati ambao wenzake wanakwenda nao.

Nikampigia kipande nilichokuwa nakitengeneza. Nilikuwa na haja yangu kubwa na kipande hicho. Kuna mwanamke tunayemwita Kocha, anayeendesha mazoezi ya viungo kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi uleule wa kwaya, naye alikuwa amekubali kujaribu muziki wangu. Ingekuwa mara yangu ya kwanza kusikiwa na mtu asiyekuwa ndugu yangu wala jirani anayegonga ukuta.

Shangazi alisikiliza mara nne. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa na kuandika sol-fa, zile do re mi za kwaya, kwenye kipande cha kaki, akiguna. Hatimaye akatoa hukumu: nilikuwa na fungu moja tu. Fungu, kwa lugha yake, ni sauti tatu au nne zinazolia pamoja. Mimi nilikuwa nimetengeneza fungu moja tamu, nikalinakili, nikalisogeza lote juu, nikalisogeza lote chini. Wengi wetu tunaofanya muziki huu tunafanya hivyo hivyo, kompyuta inarahisisha.

Shangazi alichukia. Aliniuliza kama hawa watu wangu watatu wamefungwa kamba, mbona wakipanda wanapanda wote na wakishuka wanashuka wote. Akanieleza kwamba sauti ambayo ipo katika fungu la kwanza na la pili inatakiwa ikae pale pale ilipo, isihangaike. Nyingine isogee hatua moja tu. Besi ikienda chini, sauti ya kwanza itafute njia ya juu. Jioni tatu akapanga upya kila kitu kwa chaki, mimi nikakiingiza kwenye kompyuta huku nimenuna. Kisha nikabonyeza kitufe na kununa kukanitoka. Mafungu yalikuwa yale yale na ngoma ile ile, lakini sasa ndani ya mashine mlikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na njia yake.

Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Shangazi ni mtu wa kwaya, na kwake wimbo ambao haujafungwa ni mlango ulioachwa wazi usiku. Kila baada ya dakika moja hivi akaniwekea mwisho kamili: so inashuka kwenye do, besi inatulia, kila sauti inafika nyumbani. Nikamwambia wenzangu hawafanyi hivyo. Akasema wenzangu hawakulelewa.

Jumamosi ikafika. Watu kama sitini walikuwa ukumbini, taulo shingoni, Kocha mbele na filimbi yake. Muziki ukaanza, wakaruka vizuri, nikaanza kuona maisha yangu yananyooka. Ikafika do ya kwanza. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akajifuta uso, akaenda kuchukua chupa yake ya maji. Wawili watatu wakapiga makofi. Muziki ukaendelea, wakarudi mbio, wakaruka tena dakika moja, ikafika do ya pili, wakasimama tena. Kufikia ya tano kuna mzee alikuwa amekwisha vaa viatu na anaaga watu kwa mkono. Kocha akanijia polepole, jambo linalotisha zaidi kuliko angekuja mbio. Alisema aliniomba muziki wa kutoa jasho, nami nimemletea muziki wa kuagana. Akanipa wiki mbili, nafasi ya mwisho.

Nilimtafuta Shangazi nimgombeze. Nilimkuta kwenye benchi la nyuma, macho yanang'aa, hana habari ya aibu. Akanishika mkono wa blauzi. Aliniuliza kama niliona, ngoma haikukoma hata mara moja. Ilikuwa ikipiga muda wote. Watu sitini, miguu mia na ishirini, na ngoma ikiwaamuru waendelee, lakini do ilipofika wote waliitii do. Miaka thelathini na mmoja amefundisha do, na hakuwahi kuona mtu akiitii kwa magoti.

Akaenda kwa Kocha, akamwomba apige zile nyimbo zake za siku zote, akakaa na daftari mpaka kwaya ilipoanza kufika. Usiku ule wakati wa chakula hakuwa na mazungumzo mengine. Nyimbo zile za Kocha, alisema, zina mafungu manne tu, la, fa, do, so, halafu la tena, mduara. Do yenyewe imo, lakini inapita katikati na chini yake besi inashikilia mi, kwa hiyo haina mahali pa kukaa, inachungulia tu na kuondoka. Ikifika so, mwili mzima unajiandaa kwa do, na wimbo unatoa la. Katika vitabu vyake vya kwaya jambo hilo lipo na linaitwa mwisho wa hadaa, nao hutiwa mara moja tu kwenye wimbo, karibu na tamati, kumshtua msikilizaji.

"Hawa wanautia kila mara," aliniambia. "Anaahidi do, anatoa la. Anaahidi do, anatoa la. Na watu wanafurahi, wanamfuata. Miaka yote hii namjua Mwenyekiti, sikujua kama ana muziki wake."

Tukafanya kazi. Alizifuta do zake zote kwa mkono wake mwenyewe, na naapa aliziomba radhi. Njia za sauti zikabaki kama alivyozipanga, ila wimbo haukufika nyumbani kamwe, ulizunguka nyumba. Wiki mbili baadaye watu sitini waliruka dakika arobaini na tano pasipo mmoja wao kukumbuka chupa ya maji. Kocha aliweka filimbi mfukoni akaruka nao. Nilipozima, walilalamika. Kocha akaniomba kipande kingine, na haja yangu ikawa imekwisha. Nikadhani na ya Shangazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kwaya ina wimbo wa kuagana, mfupi, wa maneno machache: tumekutana, tumeimba, tutakutana tena. Ndio unaofunga siku ya kwaya kila mwaka. Shangazi aliukata mkia. Mahali palipokuwa na mwisho akashona mduara wake wa mafungu manne, na sauti ya nne, yaani besi, akaipa kazi ya ngoma, wapige "dum" kwa kifua, nne nne, bila kukosa. Waimbaji arobaini walidhani mwalimu amepata homa. Baada ya nusu saa walikuwa wanayumba mabega na kutazamana kwa aibu tamu.

Sharti lilikuwa moja. Hakuna anayeshuka kwenye do mpaka yeye afumbe ngumi. Aliwaambia sauti ya nne kwamba atakayeshuka kabla ya ngumi atamshona mdomo, na uzi anao. Walifanya mazoezi Jumamosi tatu. Mwenyekiti alikuja mwishoni kama kawaida yake, akasoma matangazo, akaondoka kabla hawajauanza wimbo ule, hakusikia lolote. Na kila mara wimbo ukiwa unazunguka mtunza ukumbi alitingisha funguo mlangoni, kwamba muda umekwisha, wakatawanyika huku bado wanaimba, wengine mpaka barabarani. Nikamwambia Shangazi kwamba mwisho wenyewe hawajaufanyia mazoezi hata mara moja. Akasema kufunga ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Nikamuuliza kinachopikwa ni nini hasa. Aliinua uso kwenye kola aliyokuwa akiigeuza, akanieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mkaidi. Hotuba inasomwa wimbo ukiisha. Kwenye kwaya hii hakuna mtu aliyewahi kumkatiza mwimbaji, hata mwaka ule umeme ulipolipuka dirishani. Mwenyekiti ana mgongo mbovu, hawezi kusimama zaidi ya robo saa. Basi.

Alicheka mpaka pini ikamwanguka. Halafu kicheko kikakatika. Akasema hataki kukaa kwenye kile kiti. Alilisema kwa sauti ndogo ambayo nilimsikia akiitumia mara moja tu, siku tulipomzika baba yangu, na nikaweka mkasi mezani.

Siku ya kwaya ukumbi ulijaa. Kocha alikuja na watu wake, wakakaa pamoja upande wa kulia, wamevaa nguo za heshima na kuonekana kama wamekosea mlango. Kiti kilikuwepo, chenye mikono, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi kikakakamaa. Nyimbo sita zilikwenda vizuri. Kabla ya wa saba, ule wa kuagana, Mwenyekiti akasimama kando ya jukwaa, hotuba mkononi, koti limefungwa vifungo vyote.

Shangazi akagonga chuma gotini, akawapa do, akainua mkono.

Mzunguko wa kwanza watu walitabasamu. Wa pili na wa tatu wakaanza kutikisa vichwa. Ilipofika so ya mzunguko wa nne, Mwenyekiti alivuta hatua moja mbele na kukohoa kidogo kusafisha koo. Ikaja la. Akarudi nyuma. So ya mzunguko wa tano, akavuta hatua. La. Akarudi. Mimi niliyekuwa mstari wa tatu niliuma kitambaa changu cha mkononi ili nisiaibishe ukoo. Mzunguko wa nane watu wa Kocha walishindwa kuvumilia, miili yao ilikuwa imeshafundishwa muziki ule, wakasimama wote kwa pamoja na kuanza kuruka. Wa kumi, akina mama wa mstari wa mbele walikuwa wamevua viatu. Mwenyekiti alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni, karatasi inamlowa jasho.

Mzunguko wa kumi na tano niliona kitu ambacho hatukukipanga. Mkono wa Shangazi ulianza kushuka. Ana miaka sabini na mmoja, na mgongo wa Mwenyekiti aliupigia hesabu, bega lake mwenyewe hakulipigia. Alijaribu mkono wa kushoto. Mzunguko wa kumi na saba nao ukachoka, akageuka, akaangalia upande huu na huu, na kitu cha karibu cha kukalia kilikuwa kile kiti.

Akakaa.

Kwaya haikukoma. Walimwona ameketi, wakatazamana, wakaendelea, dum dum dum dum, la, fa, do, so. Ukumbi ulikuwa unaruka. Walikuwa wanaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia, bila mkono wa mtu mbele yao. Nilimtazama Shangazi usoni na nikaumia, kwa sababu niliona anachokifikiria. Baadaye aliniambia mwenyewe: alifikiri kwamba kumbe ni kweli, wanaweza.

Mwenyekiti naye aliona nafasi. Alipanda jukwaani mahali aliposimama Shangazi, akainua mkono, na ilipofika so akafumba ngumi. Nusu ya sauti ya nne wakashuka kwenye do. Nusu nyingine wakamtazama Shangazi, hawakuona ngumi, wakaenda la. Sauti ya kwanza wakagawanyika, fundi bomba akapotea kabisa, watu wa Kocha waliokuwa hewani wakatua vibaya. Kwa sekunde chache ukumbi ulisikika kama kabati la sufuria limeanguka. Kisha mduara ukawavuta wote, wakarudi la, wakaendelea. Mwenyekiti akajaribu tena. Ikawa mbaya zaidi. Baadhi ya waimbaji walikuwa wamefumba macho sasa, wanaimba kwa hofu, sauti zimeanza kukauka, na hakuna aliyethubutu kunyamaza kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa namna ya kunyamaza.

Alishuka jukwaani. Alikuja mpaka kwenye kiti, akainama kwa shida, mgongo ule ule mbovu, na nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Mwalimu, tafadhali simama. Hatujui kumaliza."

Shangazi alimtazama. Akauliza asimame kama nani.

"Kama mwalimu wetu."

"Sema kwa kifua. Sauti ya nne hawajasikia."

Akajinyoosha, akajaza kifua pumzi kama alivyofundishwa akiwa kijana mwembamba, akalisema kwa ile besi ambayo hatukuwa tumeisikia miaka mingi, juu ya sauti arobaini na miguu mia moja na zaidi. Mwalimu wetu. Ukumbi wote ulisikia. Shangazi akampokonya ile hotuba, akajipepea nayo uso, kisha akaiacha kitini aliponyanyuka.

Alisimama mbele ya kwaya. Aliwapa mzunguko mmoja mzima zaidi, wa adhabu, nao wakaujua kuwa ni wa adhabu na wakauimba wakicheka na machozi yanawatoka. Mwenyekiti alikuwa amejipenyeza mwisho wa mstari wa sauti ya nne, koti wazi, anapiga dum na wenzake. Ikaja la, ikaja fa, ikaja do inayochungulia, ikaja so. Shangazi akaishikilia so mpaka nikahisi meno yananiuma. Akafumba ngumi.

Wote wakashuka kwenye do. Watu wakakaa chini pale pale walipokuwa, sakafuni wengine.

Shangazi alikuwa anatazama mwisho wa mstari wa sauti ya nne.

"Umechelewa kuingia kwenye do," alimwambia Mwenyekiti. "Jumamosi saa nane uwe hapa. Si dakika za mwisho. Saa nane."

Mwenyekiti akasema sawa, Mwalimu.